Pumzi za Theopista

4 Machi 1996
Wanafunzi wamerudi. Uwanja umekauka hadi unapasuka, na vumbi jekundu limeingia kwenye soksi, masikioni, hata kwenye chai. Mlima unaonekana wote, mweupe kileleni.

Theopista amerudi amekonda. Nilimuuliza kama alikuwa anaumwa, akasema kwao Kibosho kazi zilikuwa nyingi, baba yake ameng'oa kahawa.

"Yote?"

"Ya upande wa chini yote, Mwalimu. Anataka kupanda nyanya."

Tulipiga mipira jioni nzima. Nimefundisha tenisi chuoni hapa tangu mwaka 1978 na sijapata kuona mkono wa kushoto unaopiga bekhendi, pigo la mgongo wa kiganja, namna ile, bila haraka, kama mtu anayefunga mlango anaoujua. Mara mbili alisimama nyuma ya mstari akajibana chini ya ziwa. Nikadhani ni kichomi.

7 Machi
Mazoezi ya kawaida. Mawingu yameufunika mlima.

11 Machi
Hitesh alikuja na pikapu yake. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini na ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya tenisi. Anaongea kama anauza bati hata anapokusalimia, na mara nyingi humkatiza mtu kabla hajamaliza. Leo alikuwa na habari kubwa. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani atakuwa Nairobi mwishoni mwa Juni kutafuta wasichana wa kuwasomesha. Bingwa wa wasichana wa vyuo vya kanda yetu atacheza mbele yake.

"Bingwa ni huyu hapa," alisema, akimwonyesha Theopista kwa kidole. "Mwalimu, wewe mnoe tu. Mengine niachie mimi."

Theopista aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. Nilifurahi kwa ajili yake. Usiku nimekaa nikijiuliza kwa nini furaha hiyo ina uzito.

19 Machi
Mvua ya kwanza. Mipira ikilowa inakuwa kama mawe.

23 Machi
Mvua.

2 Aprili
Kutoka mabwenini hadi uwanjani kuna ngazi za mawe. Wenzake wanapanda wakicheka. Theopista amesimama katikati, anaangalia migomba ya jirani kama anaihesabu. Nikampita, nikasikia pumzi yake. Ilikuwa kama mtu anayepumua kupitia kitambaa kilicholowa.

"Una mafua?"

"Kidogo, Mwalimu."

Kisha akacheza seti na mvulana bora tuliye naye, akamshinda. Wote walipiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia midomo yake. Ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

12 Aprili
Nimempeleka Theopista hospitali kwa nguvu, nikimwambia chuo kinataka cheti cha afya kwa ajili ya mashindano. Daktari Evelyn nilisoma naye Machame. Alimsikiliza kifuani muda mrefu, akamgeuza ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Akatuma picha ipigwe. Tulisubiri kwenye benchi, mvua ikigonga bati hata hatukuweza kuongea.

Alituita wote wawili. "Mlango mmoja wa moyo umekakamaa," alisema. "Damu inapita kwa shida, inarudi nyuma, mapafu yanaanza kushika maji. Haya mambo huanzia utotoni. Mtoto anaumwa koo, viungo vinavimba, nyumbani wanasema malaria. Theopista, ulishawahi kuvimba magoti?"

"Darasa la tano."

"Na kuna daktari alishawahi kukuambia habari hizi?"

Aliangalia magoti yake. Kisha: "Kidato cha pili. Waliniambia nisikimbie."

Miaka miwili nimemkimbiza msichana huyu kuzunguka uwanja, nikimpigia filimbi akichelewa.

Evelyn alisema upasuaji upo, ila si hapa. India, labda Nairobi siku moja. Kwa sasa vidonge, na asiguse raketi. Tulipotoka Theopista alifungua mwavuli, akanikinga mimi kwanza, yeye akalowa.

"Usimwambie Hitesh," alisema. "Wala Mkuu wa chuo. Nakuomba, Mwalimu."

14 Aprili
Jumapili. Baada ya misa nilipanda Kibosho kumwona baba yake. Mzee Filemon alikuwa kwenye kihamba, shamba lake la nyumbani, amevaa gunia kichwani kujikinga na mvua. Mashina ya kahawa yaliyong'olewa yamelundikwa kando ya nyumba, mizizi juu. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha ndani. Binti yake mdogo alituletea mtori wa ndizi wa moto.

Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, tofauti na Hitesh.

"Mwalimu," alisema, "mama yake alifariki akimzaa huyu mdogo. Kabla yake nilizika watoto wawili. Theopista alipokuwa kidato cha pili, hospitali waliniambia hatafika cha nne. Nikamtayarishia nguo, nikaongea na padri. Akafika cha nne. Akafika chuo. Sasa unakuja kuniambia yale yale."

"Picha imeonyesha, mzee."

"Picha ile pia ilionyesha."

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu mjinga au mtu mwenye tamaa. Sikumkuta hata mmoja. Nilishuka na utelezi, nikishika migomba.

22 Aprili
Nimemwondoa Theopista mazoezini. Nimewaambia wengine kwamba amevunjika kidole cha mguu.

25 Aprili
Mvua. Ukuta wa ghala la chuo uko nyuma ya nyumba yangu. Kuanzia saa kumi jioni kulikuwa na mlio wa mpira ukutani. Tap. Kimya. Tap. Nilitoka na mwavuli, nikamkuta Theopista peke yake, amelowa chapachapa.

"Mwalimu, siukimbilii. Naupiga tu unaporudi wenyewe."

26 Aprili
Mvua. Tap.

27 Aprili
Tap.

5 Mei
Nimekumbuka Kampala leo, kwa sababu goti limekaza kwa baridi.

Baba yangu alikuwa anapaka chokaa mistari kwenye klabu ya wazungu hapa Moshi. Mimi na kaka zangu tuliokota mipira. Memsahibu mmoja akanipa raketi iliyopinda, na nilipofika miaka kumi na tisa nikawa nachezea nchi. Kampala goti lilivimba kabla ya fainali. Kocha akamleta mtu mwenye sindano. Hakuniuliza. Nilishinda bila kusikia maumivu, nikapanda jukwaani, na tangu siku hiyo sijakimbia. Nikawa mwalimu. Wenzangu walikwenda Nairobi, Lusaka, mmoja Uingereza. Mimi nilibaki na filimbi.

Kwa miaka mingi nilimlaumu kocha yule kwa sindano. Sasa naona jambo lililoniuma zaidi ni kwamba hakuniuliza. Angeniuliza, ningesema choma.

6 Mei
Nimemuuliza Theopista.

Tulikaa kwenye baraza yangu, maji yakitiririka kutoka kwenye bati. Nilimwambia yote bila kupunguza, kwamba anaweza kuanguka uwanjani asiamke. Alisikiliza akisugua nyuzi za raketi kwa kidole gumba.

"Mwalimu, nikikaa nyumbani nitaishi muda gani?"

"Sijui. Hata Evelyn hajui."

"Na huko Marekani kuna madaktari wa moyo?"

"Wapo."

"Basi huko ndiko ninakokwenda. Njia ninayoijua mimi ni hii. Moyo wenyewe ni wangu."

Tumekubaliana. Atafanya mazoezi mafupi, hatakimbilia mipira ya mbali, atameza vidonge mbele yangu. Nikisema basi, ni basi. Ameapa. Nimeandika haya nikiwa na amani ya kiasi, na siiamini amani hiyo.

13 Mei
Mkuu wa chuo amepita uwanjani kuuliza habari za kidole cha mguu. Nimesema kimepona.

17 Mei
Hitesh ameleta mipira mipya, ya kopo, bado inanuka kiwanda. Alimletea Theopista na sweta, akasema mama yake, Jasoda, amelifuma. Theopista alilivaa palepale.

21 Mei
Mvua. Baada ya mazoezi alivua soksi. Ukingo wa soksi uliacha alama ya kina mguuni, kama kidole kilichobonyezwa kwenye unga uliokandwa. Alama haikuondoka. Aliona ninaangalia, akazivuta soksi juu.

22 Mei
Nimemwambia basi.

Amesema, "Bado wiki mbili tu, Mwalimu."

23 Mei
Mwenzake wa bwenini ameniambia bila kuulizwa kwamba Theopista siku hizi analala ameketi, ameegemea sanduku.

24 Mei
Nilikwenda kumwambia Mkuu kila kitu. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Alikuwa ananyanyua simu, na juu ya kabati lake nafasi ya kombe ilikuwa imeshafutwa vumbi. Akanionyesha kiti kwa mkono, akiendelea kuongea na mtu wa wizara kuhusu "binti yetu wa Marekani". Nilisubiri. Alipoweka simu nikamwomba chokaa ya mistari.

1 Juni
Mvua imepungua. Badala yake kuna ukungu na baridi. Mlima haujaonekana tangu Pasaka.

8 Juni
Nitaandika polepole.

Fainali ya vyuo vya kanda ilianza saa nne asubuhi, kwenye uwanja wetu. Watu walijaa hadi kwenye ngazi za mawe. Mzee Filemon alikaa mbele, amevaa koti la harusi yake. Hitesh alikuja na mke wake Arzina na chupa za chai. Mpinzani alikuwa Monica wa Arusha, msichana mrefu mwenye nguvu, asiye na maringo.

Ukungu ulikuwa mwingi kiasi kwamba mpira ukipigwa juu unapotea kidogo, kisha unatokea. Theopista alicheza bila kukimbia. Alimvuta Monica mbele, akampitishia mpira pembeni, akamrudisha nyuma. Alikuwa anasimama na mpira unamfuata. Seti ya kwanza alishinda sita kwa tatu. Watu wa Kibosho walikuwa wanaimba. Nilijisikia vile nilivyojisikia Kampala, na sitaficha hilo hapa.

Seti ya pili, akiwa anaongoza nne kwa mbili, alikohoa. Alijifuta mdomo na mkono wa sweta la Jasoda. Aliangalia mkono huo, kisha akaukunja ndani haraka. Mimi nilikuwa karibu. Niliona povu la rangi ya waridi.

Nikasema, "Theopista, basi."

Hakugeuka. Akarusha mpira juu akasevu, akashinda pointi. Akasevu tena, akaegemea raketi kama fimbo ya mzee. Midomo ile ile ya zambarau. Mwamuzi aliuliza kama yuko sawa, akainua dole gumba.

Niliingia uwanjani. Kanuni za mashindano ya vyuo zinamruhusu kocha kumwondoa mchezaji wake. Nilimwambia mwamuzi maneno hayo, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na kelele zote zikakatika. Monica alisogea kwenye neti akiwa na mkono mbele, hajui afanye nini. Theopista hakuja. Mwamuzi akamtangaza Monica mshindi, akashuka kwenye kiti. Monica akaondoka kwenda kukaa.

Theopista alirudi kwenye mstari. Akatoa mpira mfukoni, akasevu upande usio na mtu. Akachukua mwingine, akasevu. Mpira uligonga ndani ya kisanduku, ukaenda hadi kwenye wavu wa nyuma, ukatulia. Akasevu tena. Watu waliacha kunong'ona. Hakuna aliyethubutu kumkaribia, hata mimi. Mipira ilipoisha alikaa chini kwenye udongo, taratibu, akiweka mkono mmoja kwanza.

Hitesh ndiye aliyembeba hadi kwenye pikapu.

9 Juni
Yuko hai. Anawekewa oksijeni.

12 Juni
Evelyn amesema mapafu yalikuwa yamejaa. Nikamuuliza, "Angemaliza ile seti, ingekuwaje?"

"Ndelilio, siwezi kukuambia kwamba angekufa. Siwezi kukuambia kwamba angepona."

Nilitaka jibu la kunisaidia.

Theopista alipoona ni mimi akageukia ukutani. Mzee Filemon alikuwa kitini. Nilimwamkia. Kwa mara ya kwanza hakuitikia.

Mkuu ameniita na kusema mkataba wangu utaangaliwa upya mwisho wa muhula. Sweta wamelifua, limeanikwa kwenye dirisha la wodi.

20 Juni
Ameruhusiwa kwenda nyumbani. Sindano na vidonge vya kutoa maji vimemfanya ajione mzima, na hilo ndilo linaloniogopesha. Evelyn ameandika Bombay kuomba nafasi ya upasuaji. Hitesh ana ndugu huko, amewapigia simu mwenyewe. Wamesema labda Septemba.

27 Juni
Asubuhi Hitesh alisimamisha gari mlangoni kwangu bila kuzima injini. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mwalimu, mimi ni mjinga," alisema. "Mzee Filemon alikuja dukani wiki iliyopita. Akaniambia daktari amesema dawa zimemtuliza, anaweza kucheza hadi upasuaji wa Septemba. Nikapiga simu Nairobi, nikamtafutia nafasi Jumamosi. Leo nimekutana na Daktari Evelyn benki. Panda."

Kibosho tulimkuta mzee peke yake. Alisema Theopista amekwishaondoka alfajiri kwenda Nairobi. Njia ya Arusha angeonekana na watu wa tenisi, kwa hiyo amepitia Himo, avuke mpaka wa Holili hadi Taveta. Hitesh alianza kufoka. Mzee alikuwa ameketi kwenye shina la kahawa lililong'olewa, amefumba mikono.

"Amenipigia magoti," alisema. "Mngekuwa ninyi mngefanyaje?"

Nikamwambia nitamfuata, na sijui kwa nini nikamgusa bega. Aliniwekea mkono juu ya mkono wangu kidogo, kisha akauondoa.

Himo ilikuwa imejaa malori na wauza ndizi. Tulimwona kando ya kibanda cha chai, raketi ikiwa ndani ya mfuko wa rambo, anasubiri gari la Holili. Hitesh aliruka chini akamshika mkono, akamwambia apande, anarudi nyumbani sasa hivi.

"Niache, kaka Hitesh."

"Utakufa njiani, unajua?"

"Najua."

Watu walianza kutazama. Nilimwomba Hitesh amwachie. Theopista aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu ile siku.

"Umekuja kunitoa tena," alisema. "Ulinitoa mbele ya baba yangu, mbele ya watu wote, kama mtoto aliyejinyea. Ulikuwa umeniuliza, Mwalimu. Wewe mwenyewe uliniuliza, nikakujibu."

Malori yalipita. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililofaa.

"Hitesh," nilisema, "pikapu yako inafika Nairobi?"

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Labda nilikuwa hivyo. Lakini niliona kwamba atakwenda, kwa gari letu au kwa lori la vitunguu, na kwenye lori hakuna atakayejua vidonge viko mfuko gani.

29 Juni, Nairobi
Viwanja vya hapa vina miti mirefu na nyasi zilizokatwa vizuri. Wasichana walitoka Kampala, Mombasa, Kisumu. Monica wa Arusha alikuwepo, akaja kumkumbatia Theopista. Mmarekani ni mtu mnene mwenye kofia, mpole.

Nilikaa kando ya uwanja. Hitesh hakuweza kukaa, alizunguka nyuma ya wavu akiongea peke yake Kigujarati. Sikuwa na kanuni ya kumwondoa hapa. Nilikuwa na chupa ya maji tu.

Theopista alipangiwa msichana wa Kampala. Gemu ya kwanza alishinda bila kupoteza pointi. Mmarekani alivua kofia. Gemu ya pili alipiga ile bekhendi, mpira ukapita kando ya mstari kabla mwenzake hajageuza kichwa, na Mmarekani akaacha kuandika akawa anatazama tu. Nilijua kwamba anamtaka. Mtu yeyote aliyewahi kushika raketi angejua.

Gemu ya tatu, akijiandaa kusevu, alirusha mpira juu, akaudaka. Akaurusha tena, akaudaka. Alisimama akiutazama mpira mkononi mwake. Kisha akatembea hadi kwenye neti, akampa mkono yule msichana, akampa na mpira, akamwambia neno ambalo sikulisikia. Alikuja akakaa karibu yangu kwenye benchi.

"Nimechoka, Mwalimu," alisema.

Nikampa maji. Mmarekani alikuja kuuliza kama ameumia. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba ni mgonjwa wa moyo. Alimtazama muda mrefu, akasema anasikitika, na niliona kweli anasikitika. Alirudi kwenye kiti chake. Msichana mwingine aliitwa.

30 Juni
Tumefika nyumbani jioni. Tulikuwa watatu mbele, Theopista katikati. Alilala mapema, kichwa kikiwa begani kwangu, raketi amewekewa miguuni. Kabla hajalala aliniuliza Septemba ni lini. Nilimwambia si mbali.

Redio ya pikapu ilikuwa inaimba. Tulipopita Voi na kukata kuelekea Taveta, barabara ikawa ya vumbi na giza la mawingu likashuka, Hitesh akanyoosha mkono akaizima, ili tusikie pumzi yake. Ilikuwepo, fupi, imelowa. Ilikuwa inakatika kidogo, kisha inarudi. Hitesh alipunguza mwendo kila ilipokatika. Tuliisikiliza hivyo hadi mpakani.